Waya Mwembamba, Mzigo Mzito
Hotuba iliyosomwa mbele ya wenye nyumba za kupangisha, mafundi umeme, wapangaji na wafanyabiashara wa soko



Juu ya meza hii tumeweka kisu, mizani ya dukani na vipande vinne vya waya wa shaba. Yamkini wapo wanaojiuliza polisi wana shughuli gani na waya. Jibu ni kwamba hapa Uganda kikosi cha zimamoto na uokoaji ni sehemu ya Jeshi la Polisi. Anayefika usiku na mpira wa maji, na anayefika asubuhi na daftari kuuliza moto ulianzia wapi, wote wawili huvaa sare ya jeshi moja. Kwa hiyo maneno tutakayoyasema leo hatukuyatoa vitabuni tu. Mengine tumeyaokota katika majivu.

Tuanze na moto mmoja. Mtaa hatutautaja, wala jina la mwenye nyumba, kwa kuwa jalada lake limo mikononi mwa mwanasheria wa serikali na si kazi yetu kulihukumu jukwaani. Palikuwa na vyumba 6 vya kupangisha, vimepangwa safu moja nyuma ya nyumba ya mwenyewe. Mita ilikuwa moja, ukutani kwa mwenye nyumba. Kutoka sanduku lake la breka ulitoka waya mmoja wa milimita 2.5 za mraba, ukapanda darini, ukapita juu ya vyumba vyote 6, na kila chumba kikajichotea humo balbu moja na soketi moja.

Vyumba vya namna hii sisi huku tumezoea kuviita mizigo. Ni neno la Kiganda, na asiyelijua, hasa mgeni atokaye pwani, hucheka akisikia kwamba mtu amelipa kodi ya mzigo. Lakini fundi umeme naye anayo mizigo yake: kila kifaa kinachovuta umeme ni mzigo juu ya waya. Katika moto huu maneno hayo mawili yalikutana.

Nyumba ilipojengwa, mpangaji alikuwa na balbu, redio, na akijaliwa, televisheni ndogo. Tukikadiria wati 160 kwa chumba, vyumba 6 havifiki hata kilowati 1. Umeme wetu ni wa volti 240. Ukichukua wati ukazigawa kwa volti unapata ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita wayani. Wati 960 kwa volti 240 ni ampea 4. Waya ule ulikuwa na uwezo wa kubeba kiasi cha ampea 24. Ulifanya kazi yake kwa raha, na fundi aliyeufunga hakukosea kitu.

Miaka ikapita, makaa yakapanda bei, wapangaji wakaanza kununua majiko ya umeme ya sahani moja. Jiko moja la wati 1,500 huvuta ampea 6 na robo. Jioni, saa moja hadi saa tatu, vyumba 6 vikipika pamoja, hizo ni kilowati 9, na kilowati 9 ni ampea 37 na nusu. Bado hatujahesabu pasi wala birika.

Hapo breka ilifanya kama ilivyoumbwa kufanya. Ilikuwa ya ampea 20, ikawa inakata kila jioni, giza linaingia sufuria zikiwa motoni. Wapangaji wakalalamika. Mwenye nyumba akamwita fundi. Fundi, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyaandika kituoni, alimwambia kwamba waya umezidiwa na hauna budi kubadilishwa. Mwenye nyumba akauliza gharama, akaguna. Kisha akauliza kama hakuna njia fupi. Njia fupi ikapatikana: breka ya 20 ikatolewa, ikawekwa ya 40.

Giza likaisha. Watu wakapika wakashiba, na mwenye nyumba akasifiwa. Kwa muda wa miezi kadhaa hakuna lililotokea, na hili ndilo linalowadanganya wengi. Waya uliozidiwa hauwaki siku ya kwanza. Plastiki inayoufunika imetengenezwa kustahimili nyuzi 70 za joto. Ikipitishwa hapo kila jioni, hukauka, hukakamaa, hupasuka nyufa ndogo kama udongo wa kiangazi. Joto la waya nalo haliongezeki sawasawa na mkondo. Linaongezeka kwa mkondo kuzidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Waya wa ampea 24 uliobebeshwa 37 na nusu unatoa joto karibu mara 2 na nusu ya lile ulilotengenezewa. Palipo na kiungo kilichosokotwa kwa koleo na kufungwa utepe, hali huwa mbaya zaidi, maana pale shaba hugusana kidogo tu.

Ulianza kwenye kiungo cha namna hiyo, juu ya chumba cha nne, dari ikiwa ya mbao nyembamba. Mama mwenye chumba alikuwa kisimani. Mtoto wake wa miaka 4 alikuwa amelala ndani, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli nje ili asitoke akapotea. Dirisha lilikuwa na nondo. Jirani, kijana fundi wa kuchomelea, aling'oa zile nondo kwa nyundo na mikono yake, akamvuta mtoto kupitia dirishani. Mtoto yu hai. Kijana yule ana makovu mikononi mpaka leo. Cherehani mbili za mama yule, ambazo alikuwa akilipia karo kwazo, hazikupatikana ila vyuma vyake.

Sisi tulikuwapo asubuhi yake. Breka ya ampea 40 tuliikuta ukutani ikiwa nzima kabisa, imewashwa, haijakata. Na kwa nini ikate? Mkondo haukufika 40.

Mafundi mliopo mnaijua kanuni, lakini tunaomba kuisema mbele ya wenye nyumba ili wasiwatese tena kwa kuomba njia fupi. Breka haikuwekwa kulinda jiko wala televisheni. Imewekwa kulinda waya. Kwa hiyo mpango huwa hivi: kwanza hesabu mzigo kwa ampea, kisha chagua breka isiyopungua mzigo huo, kisha chagua waya ambao uwezo wake haupungui breka. Mzigo uwe mdogo kuliko breka, breka iwe ndogo kuliko waya. Breka ikikatakata, ama punguza mzigo, ama ongeza waya na breka pamoja. Anayeongeza breka peke yake amemfunga mlinzi kitambaa machoni.

Sasa tuvitazame vipande hivi vinne. Huu mwembamba ni wa milimita 1.5 za mraba. Ukiwa ndani ya paipu juu ya ukuta, peke yake, katika hewa ya nyuzi 30, hubeba kiasi cha ampea 17. Huu ni wa taa, na breka yake ni ya 6 au 10. Wa pili ni 2.5, hubeba 24. Ni wa soketi, breka ya 20. Wa tatu ni 4, hubeba 32. Wa nne ni 6, hubeba 41. Uko na wa 10, haumo mezani, nao hubeba 57. Mnaona wenyewe kwamba waya ukinenepa mara mbili hauongezi uwezo mara mbili. Kutoka 1.5 hadi 6 shaba imeongezeka mara 4, uwezo haukufika hata mara 2 na nusu. Sababu yake ni kwamba waya mnene hupoa kwa shida zaidi, kama uji ulio katika sufuria kubwa.

Tafadhali zingatieni masharti tuliyoyataja: peke yake, na katika nyuzi 30. Nani hapa ameingia darini saa nane mchana chini ya bati tupu? Kule joto hupita 30 kwa mbali. Tukilikadiria kuwa nyuzi 45, waya hupoteza kiasi cha sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Ule wa 24 unabaki 19. Ukiuweka katika paipu moja na saketi nyingine mbili, zikawa tatu zinazopashana joto, unabaki takriban saba ya kumi ya hizo 19, yaani 13. Waya uleule, shaba ileile, ukutani 24, darini penye msongamano 13. Fundi anayekariri kwamba 2.5 ni 20 siku zote, bila kutazama unapopita, amejifunza nusu ya kazi.

Hita ya maji ya bafuni, ile ya papo kwa papo, hukosewa mno. Ya kilowati 7 huvuta ampea 29. Tumekwisha kuikuta imeunganishwa kwenye waya wa soketi za chumba cha kulala. Hita hiyo yataka waya wake yenyewe kutoka kwenye sanduku, wa 6, breka ya 32, usichangie na kitu. Hata huo wa 6, ukipita chini ya bati lenye joto tulilolitaja, hubaki na ampea 32 na chembe tu.

Tunamwona fundi mmoja kule nyuma anatikisa kichwa, na tunafahamu analotaka kusema. Atasema: mbona ziko nyumba zenye waya wa 2.5 na breka ya 32, na zimesimama miaka mingi, tena zilifungwa na mafundi hodari? Ni kweli. Ni ule mtindo wa Kiingereza, ambamo waya hutoka kwenye breka, hupita soketi zote, kisha hurudi kwenye breka ileile. Mkondo hufika kwenye soketi kwa njia mbili, kila njia ikabeba sehemu yake, ndiyo maana 32 inaruhusiwa. Lakini mtu akikata mzunguko huo ili atengeneze mlango mpya, asiurudishe, soketi zote zitaendelea kuwaka vizuri, na hakuna atakayejua kwamba njia sasa ni moja. Kabla ya kuiamini 32 katika nyumba ya zamani, upimeni kwanza mzunguko kama bado haujakatika. Kama umekatika, breka ishuke iwe 20.

Tuje kwenye umbali, jambo linalowahusu hasa wenye vioski na saluni wanaovuta umeme kutoka nyumba ya mbali. Waya una ukinzani, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyokula volti njiani. Waya wa 2.5 hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea katika kila mita. Saluni iliyo mita 40 kutoka kwenye sanduku, ikivuta ampea 20, inapoteza volti 14 na zaidi. Kiwango ambacho desturi ya ufundi tuliyoirithi inaruhusu ni asilimia 5, yaani volti 12. Breka haitakata, waya hautaungua, lakini friji itanguruma bila kugandisha na injini zitachemka na kufa kabla ya wakati wake. Ukiweka waya wa 4 upotevu hushuka hadi volti 9 hivi. Kwa hiyo mbali na kuuliza kifaa kinavuta kiasi gani, fundi aulize na waya utakwenda umbali gani. Wenye mashine za kusaga na karakana kubwa, shughuli yenu ni ya umeme wa njia tatu. Hesabu yake ni nyingine na mnahitaji fundi wa daraja la juu.

Hata mkihesabu vyema namna gani, hesabu hizi zote zinadhani kwamba waya ulioandikwa 2.5 ni wa 2.5 kweli. Hapa ndipo kisu na mizani vinapoingia. Kuna nyaya sokoni ambazo nje zimeandikwa kipimo kimoja, ndani shaba ni pungufu, na plastiki imefanywa nene ili mkono udanganyike. Nyingine si shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukikwangua kwa kisu na ndani ukaona weupe, usiununue. Aluminiamu hiyo haibebi mkondo kama shaba, na chini ya skrubu hulegea kadiri siku zinavyokwenda.

Waya wa kipande kimoja wa 1.5 una upana wa takriban milimita 1.4, wa 2.5 una milimita 1.8. Wenye nyuzi 7, ule wa 4, kila uzi una karibu milimita 0.85. Asiye na chombo cha kupimia na atumie mizani. Roli kamili ya mita 100 ya waya mmoja wa 2.5 ina shaba ya kilo 2 na ushei, ukiacha plastiki. Mkiiweka roli nzima mezani pamoja na plastiki yake isifike kilo 2, basi ama urefu ni wa uongo, ama unene ni wa uongo, ama si shaba. Muuzaji mwaminifu hatakasirika mkimwomba mizani. Tazameni pia alama ya ubora ya UNBS, ingawa alama nayo hughushiwa, ndiyo maana tumekuja na kisu.

Sheria haina mengi ya kuchosha. Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, yaani ERA, hutoa vibali vya kufunga umeme kwa mafundi, kwa madaraja. Mwenye nyumba, omba kuona kibali kabla ya kulipa malipo ya awali, wala usione haya. Askari akikusimamisha barabarani si utauliza kitambulisho chake? Na wale wanaounganishiwa umeme usiku bila mita, wajue kwamba Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu zikaongezwa. Lakini hata tukiacha adhabu, umeme wa wizi aghalabu hauna breka ya aina yoyote. Waya ule haulindwi na mtu.

Kabla hatujamaliza tuna deni la kukiri. Tulipokuwa tukisomea stashahada, tulipanga chumba cha namna hiyohiyo, tukiwa wawili. Fyuzi ilikuwa ya zamani, ile ya waya mwembamba unaoyeyuka, nayo ilikatika kila tulipochomeka pasi. Mwenzetu akachomoa uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa redio mbovu, akausokota mara tatu, akaufunga pale. Tukampongeza. Tulilala chini ya dari ile mwaka mzima, na mwenye nyumba hakuambiwa. Tuliyakumbuka hayo tulipokuwa tumesimama katika chumba cha nne, tukitazama breka nzima ukutani. Basi msidhani tunasema na ninyi kama watu wasiopata kufanya upumbavu huo.

Wenye nyumba wengi wametuuliza faraghani: tufanye nini, vyumba vimekwisha jengwa, fedha ya kubomoa dari hatuna? Si lazima kubomoa. Kwa vyumba 6 vya namna ile, nafuu iliyo ya kweli ni kutoa mstari mmoja mnene kutoka kwenye mita hadi sanduku dogo la breka lililowekwa katikati ya safu, kisha kila chumba kipewe waya wake wa 2.5 na breka yake ya 16. Mpangaji akizidisha, atakata cha kwake peke yake. Mstari ule mnene hauwezi kukisiwa, fundi aupigie hesabu ya vyumba vyote vikipika pamoja, pamoja na urefu wake. Mkishindwa hata hilo kwa sasa, basi irudisheni breka ndogo, na muwaambie wapangaji ukweli kwamba majiko hayawezi kuwaka yote kwa wakati mmoja. Watanung'unika. Pangeni zamu.

Na wapangaji: kamba ya soketi iliyoviringishwa kwenye kigurudumu chake ikunjueni yote mnapoitumia kwa jiko au pasi, maana ikiwa imejikunja hupashana joto yenyewe kwa yenyewe. Msiwafungie watoto kwa kufuli nje. Moto ukianza kwenye umeme, zimeni swichi kuu kwanza. Maji yasimwagwe penye waya wenye umeme. Kisha pigeni 999 au 112, mtaje mtaa na kitu kinachojulikana karibu nanyi, kanisa, msikiti au soko, maana gari letu halijui nyumba zenu kwa majina.

Sasa tunafungua maswali. Waliokuja na nyaya zao wazilete hapa mezani tuzikwangue pamoja. Mzee uliye mstari wa mbele, mwenye roli nyekundu magotini, njoo uwe wa kwanza. Iweke kwenye mizani tuone.